MPD kwenye Raspberry Pi: muziki wa mgahawa unaojiwasha wenyewe umeme ukirudi

Swali: Nina mgahawa Area C, Dodoma, wenye ukumbi na bustani chini ya mizabibu. Nina Raspberry Pi 4 (kompyuta ndogo ya bodi moja) yenye Raspberry Pi OS Lite, diski ya nje iliyojaa nyimbo, kadi ndogo ya sauti ya USB na amplifaya. Nataka muziki upigwe bila skrini wala kipanya, wahudumu wauongoze kwa simu zao, na umeme ukikatika ukirudi uendelee wenyewe. Nimesakinisha MPD (Music Player Daemon, programu ya kupiga muziki inayoendesha nyuma ya pazia), diski nimeipachika kwenye /home/mgahawa/muziki. Simu inaandika "Connection refused", na nikiingia kwa SSH (kuiendesha Pi kutoka kompyuta nyingine) nikaandika `mpc ls` (`mpc` ni amri ya kuiongoza MPD) sioni wimbo hata mmoja. Nimekosea wapi?

Jibu: Ndugu msomaji, hujakosea pakubwa. Una matatizo mawili yasiyohusiana, na yote mawili yako nje ya MPD. La kwanza ni ruhusa: MPD haifanyi kazi kwa jina lako, inafanya kazi kwa jina la mtumiaji wake anayeitwa `mpd`, na huyo haruhusiwi kupita kwenye folda yako ya nyumbani. La pili ni mtandao: huduma inasikiliza ndani ya Pi peke yake, kwa hiyo simu inafika kwenye Pi na kukuta hakuna anayeipokea.

MPD inategemea vitu vitatu ambavyo si vyake: faili inazoweza kuzisoma, kadi ya sauti inayoweza kuifungua, na poti (mlango wa mtandao) ya kusikilizia. Kimoja kikikosekana, huduma bado itaonekana inaendesha, ila haitapiga kitu. Ndiyo maana watu wengi huhangaika na `/etc/mpd.conf` siku nzima bila mafanikio. Jaribu kila kimoja peke yake kwanza, tena kwa jina la mtumiaji `mpd`, ndipo uiguse MPD.

Tuanze kwa kuizima:

```
sudo systemctl stop mpd.socket mpd.service
```

Diski

Andika amri hii uangalie njia nzima hadi kwenye nyimbo:

```
namei -l /home/mgahawa/muziki
```

Itakuonyesha kila hatua ya njia na ruhusa zake, kitu cha namna hii:

```
drwxr-xr-x root    root    /
drwxr-xr-x root    root    home
drwx------ mgahawa mgahawa mgahawa
drwxr-xr-x root    root    muziki
```

Tazama mstari wa tatu. `drwx------` maana yake ni kwamba mwenye folda tu ndiye anayepita. Kwenye matoleo ya karibuni ya mfumo huu folda za nyumbani hufungwa hivyo tangu zinapoundwa, na ni jambo jema. Folda ya muziki yenyewe iko wazi kwa wote, lakini `mpd` haifikii kamwe. Atatokea mtu akushauri uandike `chmod 777` kwenye kila kitu. Usikubali. Itafanya kazi, na itaacha nyaraka zako zote wazi kwa kila programu iliyomo kwenye hiyo Pi. Hamisha muziki nje ya folda ya nyumbani.

```
sudo umount /home/mgahawa/muziki
sudo mkdir -p /srv/muziki
lsblk -f
```

Amri ya mwisho inakupa UUID (namba ya utambulisho) ya diski na aina yake. Diski iliyotoka kwenye kompyuta ya Windows mara nyingi ni exFAT. Fungua `/etc/fstab`, faili la diski za kupachikwa mfumo ukiwaka, kwa `sudo nano` na uongeze mstari mmoja, ukiweka UUID yako mahali pa hii ya mfano:

```
UUID=6A1C-0F3E /srv/muziki exfat ro,nofail,uid=1000,umask=022,x-systemd.device-timeout=60s 0 0
```

Kila neno hapo lina kazi. `ro` inafanya diski isomwe tu, isiandikwe, na hiyo ndiyo kinga yako kubwa umeme unapokatika ghafla, kwa sababu exFAT haina jarida la kurekebisha uandishi uliokatizwa njiani. `nofail` inaiacha Pi iendelee kuwaka hata diski ikiwa imechomolewa. Bila neno hilo, Pi itasimama kwenye hali ya dharura, na kwa kuwa huna skrini hutajua imekwama wapi. `uid=1000` ni wewe, mtumiaji wa kwanza. `umask=022` inaruhusu wengine wote kusoma, `mpd` akiwemo. Sekunde 60 ni za kuipa diski ya kuzunguka muda wa kuamka.

Kama diski ni ext4, ruhusa zinakaa kwenye diski yenyewe, hivyo `uid` na `umask` hazitakubaliwa. Ziondoe, badilisha `exfat` kuwa `ext4`, kisha baada ya kupachika endesha `sudo chmod -R a+rX /srv/muziki` diski ikiwa inaandikika. Hiyo `X` ni kubwa: inafungua folda zipitike bila kuzigeuza faili za nyimbo kuwa programu.

```
sudo systemctl daemon-reload
sudo mount -a
findmnt /srv/muziki
sudo -u mpd ls /srv/muziki | head
```

Amri ya mwisho ndiyo jaribio lenyewe. Ukiona folda zako, tatizo la kwanza limekwisha. Ukiona "Permission denied", rudi kwenye `namei` usake mstari wenye kasoro.

Bado kuna jambo moja la diski ambalo watu hulijua wakiwa wameshachelewa. Ikiwa MPD itawaka kabla diski haijapachikwa, halafu mtu akabonyeza kitufe cha kusasisha kwenye simu, MPD itakuta `/srv/muziki` ni tupu. Itaamini kwamba nyimbo zote zimefutwa, itaziondoa kwenye orodha yake kuu, na foleni iliyokuwa ikipigwa itaisha hapo hapo. Zuia hilo kwa kuifanya huduma isianze bila diski. Andika `sudo systemctl edit mpd.service` na uweke:

```
[Unit]
RequiresMountsFor=/srv/muziki

[Service]
Restart=on-failure
RestartSec=10
```

Sauti

```
sudo apt install alsa-utils
aplay -l
```

Kadi zitajitokeza kwa namba na kwa majina, kwa mfano `card 0: Headphones` ambayo ni tundu la milimita 3.5 la Pi yenyewe, moja au mbili za `vc4hdmi`, na `card 3: Device [USB Audio Device]`. Hiyo ya mwisho ndiyo ya USB. Nyingi za bei nafuu hujiita hivyo hivyo, `Device`.

Tumia jina, usitumie namba. Namba hugawiwa kwa mpangilio ambao vifaa vimeamka, na mpangilio huo unaweza kubadilika umeme ukirudi. Mtu aliyeandika `hw:3,0` atapiga muziki wiki tatu, kisha asubuhi moja kadi ya USB itakuwa namba 1 na kumbukumbu za mfumo zitaandika "No such file or directory". Jaribu kwa jina:

```
sudo -u mpd speaker-test -D plughw:CARD=Device,DEV=0 -c 2 -t wav -l 1
```

Utasikia sauti ikitaja spika ya kushoto kisha ya kulia. Herufi `plug` mbele ya `hw` zinaiambia ALSA, mfumo wa sauti wa Linux, igeuze kasi ya sampuli pale kadi isipoikubali. Kadi nyingi ndogo zinajua 44100 na 48000 tu, na faili la 96000 bila `plug` litakataa kufunguka.

Kama hakuna sauti na hakuna kosa lililoandikwa, fungua `alsamixer`, bonyeza F6 uchague kadi, na utazame chini ya kila mnara: `MM` maana yake imezimwa, bonyeza M kuifungua. Pandisha hadi asilimia 85 hivi, kisha `sudo alsactl store` ili ibaki hivyo. Kama kosa ni "Device or resource busy", kuna programu nyingine imeishika kadi. `sudo fuser -v /dev/snd/*` itakutajia jina lake.

Na kama unasikia mvumo mzito hata muziki ukiwa umesimama, tatizo si la programu. Pi na amplifaya zimechomekwa kwenye soketi mbili tofauti zenye njia tofauti za ethi. Zichomeke kwenye ekstensheni moja. Mvumo ukibaki, weka transfoma ndogo ya kutenganisha kwenye waya wa sauti kati ya kadi na amplifaya.

Poti na huduma

Sasa ile "Connection refused". Maneno hayo yana habari nzuri ndani yake: simu yako imefika kwenye Pi, ila hakuna programu inayosikiliza poti 6600 kwa upande wa nje. Simu ingezunguka muda mrefu kisha ikakata tamaa, tatizo lingekuwa lingine kabisa: ukuta wa moto, anwani isiyo sahihi, au ruta iliyowekwa kuzuia vifaa vya waifai visionane. Kwenye mitandao ya wageni kizuizi hicho mara nyingi huwashwa makusudi.

Kwenye Debian na ndugu zake MPD huja na vipande viwili vya systemd, msimamizi wa huduma za Linux: `mpd.service`, ambayo ni huduma yenyewe, na `mpd.socket`, ambayo hushika poti kwa niaba yake na kuiamsha pale mtu anapounganisha. Soketi ikiwa inatumika, mstari wa `bind_to_address` ndani ya `mpd.conf` haufuatwi. Isipotumika, mstari huo ndio unaotawala, na mara nyingi umeandikwa `"localhost"`. Hapo ndipo mkanganyiko unapozaliwa: mtu anabadilisha faili na hakuna kinachobadilika.

Kwa mgahawa, iondoe soketi. Ikiachwa peke yake kuamsha huduma, umeme ukirudi muziki utakaa kimya hadi mhudumu afungue simu yake. Wewe unataka huduma iwake na Pi. Fuata mpangilio huu kama ulivyo, kwa sababu kuiwezesha huduma huivuta na soketi pamoja:

```
sudo systemctl enable mpd.service
sudo systemctl mask --now mpd.socket
```

Kisha weka nakala ya faili la asili na ulifungue:

```
sudo cp /etc/mpd.conf /etc/mpd.conf.asili
sudo nano /etc/mpd.conf
```

Mistari inayohusika iwe hivi, na sehemu ya `audio_output` iliyokuwemo uibadilishe kwa hii:

```
music_directory     "/srv/muziki"
playlist_directory  "/var/lib/mpd/playlists"
db_file             "/var/lib/mpd/tag_cache"
state_file          "/var/lib/mpd/state"
user                "mpd"
bind_to_address     "any"
port                "6600"
auto_update         "no"
restore_paused      "no"
default_permissions "read"

audio_output {
    type        "alsa"
    name        "Spika za ukumbi"
    device      "plughw:CARD=Device,DEV=0"
    mixer_type  "software"
}
```

Nimeandika `"any"` badala ya anwani ya Pi kwa sababu maalumu. Ukiandika 192.168.1.10, na MPD ikawaka kabla ruta haijatoa anwani hiyo, itashindwa kwa "Cannot assign requested address". Baada ya umeme kukatika ruta na Pi huamka pamoja, na ruta ndiyo huchelewa.

Nenosiri ni lazima kwenye mgahawa, la sivyo mteja yeyote aliye kwenye waifai yako atabadilisha wimbo. Ndani ya faili kuna mstari wa `password` wenye alama ya # mbele. Ondoa alama hiyo, badilisha neno lililo kabla ya @ tu, na maneno ya ruhusa yaliyo baada yake yaache kama yalivyo. Nenosiri lenyewe lisiwe na @ ndani. Fahamu pia kwamba linasafiri kwenye mtandao bila kufichwa, kwa hiyo lisiwe lile unalotumia kwingine, na poti 6600 usiifungue kamwe kwa intaneti kupitia ruta. Ukiwa Mtumba au Dar es Salaam na unataka kuongoza muziki wa mgahawani, pitia SSH.

```
sudo systemctl restart mpd.service
sudo ss -tlnp | grep 6600
```

Unachotafuta ni `*:6600` na jina `mpd` mwishoni mwa mstari. Ukiona `127.0.0.1:6600`, mstari wa `bind_to_address` haujabadilika au umeandikwa mara mbili. Ukiona jina `systemd`, soketi bado imeshika poti. Huduma isipowaka kabisa, `journalctl -u mpd -b | tail -n 30` itakutajia hadi namba ya mstari wenye kosa ndani ya `mpd.conf`, mara nyingi ni alama ya nukuu iliyosahaulika.

Ukiwa na `ufw` (programu ya ukuta wa moto), fungua poti kwa mtandao wako wa ndani tu:

```
sudo ufw allow from 192.168.1.0/24 to any port 6600 proto tcp
```

Anwani ya Pi isibadilike. Njia iliyo rahisi kuitunza ni kuingia kwenye ruta na kuihifadhia Pi anwani moja kwa kutumia MAC yake (namba ya utambulisho ya kadi ya mtandao), ambayo utaiona kwa `ip link show eth0`. Na tumia kebo kati ya Pi na ruta kama umbali unaruhusu; waifai iachie simu.

Kupiga wimbo wa kwanza

```
export MPD_HOST=nenosiri@localhost
mpc update --wait
mpc ls
mpc add muheme
mpc random on
mpc repeat on
mpc volume 45
mpc play
```

`muheme` hapo ni jina la folda. Weka la kwako. Majina ya folda yasiyo na nafasi yatakurahisishia maisha: `zilipendwa`, `kwaya`, `taarabu`. Ukiambiwa huna ruhusa ya "play", nenosiri halijafika. Kila ukifungua SSH upya, ule mstari wa `export` unauandika tena, au uuweke mwishoni mwa `~/.bashrc`.

Nimezima `auto_update` kwa sababu diski iko `ro` muda wote. Ukitaka kuongeza nyimbo, ifungue, nakili kutoka kwenye kompyuta yako, ifunge, kisha sasisha:

```
sudo mount -o remount,rw /srv/muziki
# kwenye kompyuta yako:
rsync -rtv kwaya/ mgahawa@192.168.1.10:/srv/muziki/kwaya/
# ukirudi kwenye Pi:
sudo mount -o remount,ro /srv/muziki
mpc update --wait
```

`rsync -a` iliyozoeleka italalamika juu ya wamiliki wa faili kwenye exFAT, `-rt` inatosha. Nyimbo zilizopokelewa kwa WhatsApp huja na majina kama AUD-20240312-WA0007.mp3 na ndani hazina jina la mwimbaji wala la wimbo, kwa hiyo mhudumu hawezi kuzitafuta. Ziandike kabla ya kuzinakili, kwa mfano `id3v2 -a "Jina la kwaya" -t "Jina la wimbo" faili.mp3`. Ni kazi ya kuchosha, na inalipa kila siku.

Orodha ukishaipanga vizuri, ihifadhi: `mpc save asubuhi`. Irudishe kwa `mpc clear` kisha `mpc load asubuhi`.

Kwenye simu za Android weka M.A.L.P., programu ya kuiongoza MPD, inapatikana F-Droid, duka la programu huria. Jaza anwani ya Pi, poti 6600 na nenosiri. Wahudumu wawili wakiwa na programu wazi kwa pamoja si tatizo, kila badiliko la mmoja linaonekana kwa mwingine papo hapo. Simu ni rimoti tu: ikizima chaji au mhudumu akaondoka nayo, muziki unaendelea.

Umeme

MPD huandika hali yake kwenye `state_file` kila baada ya sekunde 120: wimbo gani, umefika wapi, sauti ni kiasi gani. Umeme ukirudi itaendelea kutoka hapo, ikirudi nyuma kwa muda usiozidi dakika mbili. `restore_paused "no"` ndiyo inayoifanya ianze kupiga bila kusubiri mtu.

Kuna ushauri maarufu wa kuilinda kadi ya memori kwa kuwasha "overlay" kwenye `raspi-config`, ili mfumo wote usiandikwe. Kwa kazi nyingine ni ushauri mzuri. Hapa utafuta hali ya MPD kila umeme unapokatika, na muziki hautaendelea. Afadhali kadi ya memori nzuri, nakala moja ya kadi nzima iliyohifadhiwa pembeni, na chaja ya kweli.

Kuhusu chaja: Pi 4 inataka volti 5 na ampea 3. Chaja ya simu itaiwasha, kisha diski ikianza kuzunguka volti zitashuka na diski itapotea katikati ya wimbo. Angalia kwa `vcgencmd get_throttled`. Jibu `0x0` ni salama. `0x50005` maana yake volti ziko chini sasa hivi. `0x50000` maana yake zilishuka wakati fulani tangu Pi iwake. Bandari zote nne za USB za Pi 4 zinagawana ampea 1.2, kiasi ambacho diski kubwa ya kuzunguka inaweza kukimaliza peke yake. Kama nyimbo zako zinaenea kwenye flashi ya GB 64, tumia flashi. Kwa MP3 za 192 kbps, wimbo wa dakika nne ni takriban MB 5.8, kwa hiyo zinaingia nyimbo kama 10,000.

Chomeka vyote kwenye kifaa kile cha kulinda friji, kinachosubiri dakika chache umeme utulie kabla ya kuuruhusu. Pi usiiweke juu ya amplifaya: joto lake likifika nyuzi 80 inajipunguza kasi yenyewe, na `vcgencmd measure_temp` itakuambia iko wapi. Kwa vumbi la Dodoma wakati wa kiangazi, matundu ya kasha yatazame pembeni au chini, na plagi ya sauti uifute kila mwezi. Mkwaruzo unaosikika ukigusa waya ni vumbi.

Kuwasha na kuzima kwa saa

Kwanza saa za eneo: `sudo timedatectl set-timezone Africa/Dar_es_Salaam`. Kompyuta inahesabu kuanzia usiku wa manane, kwa hiyo saa 12:30 asubuhi unaandika 06:30, na saa 4 usiku unaandika 22:00. Tengeneza `/etc/systemd/system/muziki-asubuhi.service`:

```
[Unit]
Description=Muziki wa asubuhi
After=mpd.service

[Service]
Type=oneshot
Environment=MPD_HOST=nenosiri@localhost
ExecStart=/usr/bin/mpc clear
ExecStart=/usr/bin/mpc load asubuhi
ExecStart=/usr/bin/mpc volume 45
ExecStart=/usr/bin/mpc play
```

na `/etc/systemd/system/muziki-asubuhi.timer`:

```
[Timer]
OnCalendar=Mon..Sat *-*-* 06:30:00

[Install]
WantedBy=timers.target
```

Kisha `sudo systemctl daemon-reload` na `sudo systemctl enable --now muziki-asubuhi.timer`. Ya kuzima usiku ni hiyo hiyo yenye `mpc stop` peke yake. Usiongeze `Persistent=true`: umeme ukirudi saa 8 mchana baada ya kukosekana tangu alfajiri, ingekimbilia kupiga orodha ya asubuhi mbele ya wateja wa chakula cha mchana.

Pi 4 haina saa yenye betri. Ikiwaka bila intaneti inaendelea na saa iliyohifadhiwa kabla ya kuzimika, na taima zako zitachelewa kwa muda ule ule umeme ulipokosekana. Kama bando la mgahawa huisha mara kwa mara, nunua kadi ndogo ya saa ya DS3231, iunganishe kwenye pini za I2C, na ongeza `dtoverlay=i2c-rtc,ds3231` ndani ya `/boot/firmware/config.txt`.

Bando lenyewe halihusiki na muziki ulio kwenye diski, hata simu kumi zikiongoza. Linahusika ukiongeza redio ya intaneti kwa `mpc add` na anwani yake: mtiririko wa 128 kbps unakula MB 57.6 kwa saa, karibu MB 800 kwa siku ya saa 14.

Na kwa kuwa unapiga muziki mbele ya wateja, hayo ni matumizi ya hadharani chini ya Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999. Ulizia COSOTA, taasisi ya serikali inayosimamia hakimiliki, utaratibu wa leseni kabla hujafungua. Wasanii wanaokujazia ukumbi wanastahili.

Bustani

Kama mizabibu iko ndani ya mita 20 kutoka kwenye amplifaya, vuta waya wa spika uliopitishwa kwenye bomba la plastiki, milimita mraba 1.5 au 2.5. Hakuna programu inayoshinda waya kwa umbali huo.

Kama ni mbali, MPD inaweza kutoa mtiririko wa HTTP ambao kifaa cha pili kinaupokea:

```
audio_output {
    type      "httpd"
    name      "Bustani"
    encoder   "lame"
    port      "8000"
    bitrate   "128"
    format    "44100:16:2"
    always_on "yes"
}
```

Ukiwa na `ufw`, poti 8000 nayo uifungulie mtandao wa ndani kama ulivyofanya kwa 6600. Kisha fungua `http://192.168.1.10:8000` kwenye kifaa cha bustanini. Mtiririko huu unachelewa sekunde kadhaa nyuma ya ukumbi. Mteja aliyekaa mlangoni atasikia wimbo mmoja mara mbili, kwa hiyo unafaa tu pale sehemu mbili zisiposikiana.

Zikisikiana, weka Snapcast, programu ya kupiga sauti moja kwa wakati mmoja kwenye vifaa vingi: `snapserver` kwenye Pi hii, `snapclient` kwenye kila sehemu yenye spika. MPD inamwaga sauti kwenye seva, na wapokezi wote wanapiga kwa pamoja kwa kuchelewa sekunde moja ile ile. Watu husahau kwamba spika za ukumbini nazo lazima zipite kwenye `snapclient`, kwenye Pi hiyo hiyo. Ukiacha ukumbi ukipigwa moja kwa moja na ALSA, utatangulia bustani kwa sekunde hiyo moja, na kadi ya sauti itakuwa imeshikwa na MPD wakati `snapclient` inaitafuta. Zima kwanza ile ya ALSA kwa `mpc disable "Spika za ukumbi"`, ndipo uwashe `snapclient`.